Kutanua ufizi kabla ya kujenga ukingo wa taya

Pandikizo la mfupa mara nyingi huharibikia kwenye mshono: ufizi ulivutwa kwa nguvu ili ulifunike, nyuzi zikaachia, bakteria wakaingia. Ndiyo maana ukingo wa taya (mfupa unaoshika meno) ukiwa umepungua sana, hasa kwa kimo, naanza kwa kuutanua ufizi. Mfupa utasubiri.

Hatua ya 1: Mgonjwa. Piga picha ya CT upime upungufu. Mvutaji sigara, mwenye kisukari kisichodhibitiwa na aliyetibiwa taya kwa mionzi, mtafutie njia nyingine. Ufizi mwembamba wenye makovu nao hutoboka kirahisi.

Hatua ya 2: Kipanuzi. Ni kifaa kinachowekwa chini ya ufizi ili kivimbe na kuutanua. Mdomoni tunatumia cha hidrojeli, kinachofyonza majimaji ya mwili na kuvimba chenyewe. (Daktari Neumann alitumia puto kutanua ngozi ili kutengeneza sikio mwaka 1957, kipanuzi cha kujivimbisha kilikuja na Austad na Rose mwaka 1982.) Chagua chenye ganda la silikoni lenye vitundu. Vya awali, visivyo na ganda, vilivimba haraka mno vikatoboa ufizi.

Hatua ya 3: Mfuko. Hapa usiwe na haraka. Baada ya ganzi, kata wima, mkato mfupi, mbali na mahali kipanuzi kitakapokaa. Ukikata juu yake, uvimbe utafumua mshono. Pita chini ya utando wa mfupa, uuinue taratibu bila kuuchana. Kwenye taya la chini, jua kwanza neva ya kidevu inatokea wapi. Mfuko ukibana, kipanuzi kitasukuma kidonda, ukilegea, kitahama. Pima kwa kielelezo cha ukubwa wa kipanuzi, kisha ingiza kipanuzi kikiwa kikavu, kikaze kwa skrubu ndogo, ushone bila kuvuta.

Hatua ya 4: Kungoja. Ni wiki kadhaa, kutegemea ukubwa wa kipanuzi. Meno ya bandia yasiguse hapo kabisa. Mwone mgonjwa kila wiki. Ufizi ukipauka, au kipanuzi kikianza kuonekana kupitia ufizi, kitoe siku hiyohiyo. Ukisema "tuone kesho" utakuta tundu.

Hatua ya 5: Mfupa. Kata juu ya ukingo, toa kipanuzi. Utakuta kifuko chembamba cha tishu, na pengine mfupa umebonyea kidogo kwa shinikizo, usishtuke. Weka pandikizo na wavu au utando wa kulifunika. Kabla ya kushona, leta kingo mbili za ufizi pamoja kwa koleo: zinapaswa kupandana zenyewe. Zikigoma, punguza pandikizo, usivute ufizi. Vipandikizi vya meno subiri miezi 4 hadi 6, na upige CT nyingine kwanza.