Jinsi ya kuipima kozi kabla hujatuma hela

Wadau, siku hizi kila ukifungua simu unakutana na mtu anauza kozi. Digital marketing, AI, forex, kuandika proposal, offa elfu 50 badala ya laki 3 na nafasi zimebaki 4, wiki ijayo ukiangalia statasi yake nafasi bado ni 4 zile zile. Mimi sipingi kusoma, vitu vingi vinavyonisaidia kazini nimejifunzia kwenye hii hii simu. Ila inaniuma sana kuona mtu anakopa kwa shangazi yake alipie kozi ambayo mwisho wake ni PDF na grupu la WhatsApp ambalo ikifika wiki ya tatu admin ndo anaandika peke yake. Kwa hiyo naweka hapa ninavyofanya mimi kabla sijatoa hela.

Kabla hujauliza bei, kaa chini uandike kazi moja unayotaka kuiweza. Sio "nataka kujua Excel", hiyo ni pana mno, mtu yeyote atakwambia kozi yake inakufaa. Andika kama hivi: nataka kila tarehe 30 nitoe ripoti ya stoo inayoonyesha kipi kimepungua bila kushika kalkuleta. Ukishakuwa na hiyo sentensi hata muuzaji unaongea naye tofauti.

Nitoe mfano maana hii ilinitokea. Ofisi niliyokuwa zamani tulipelekwa Morogoro siku tatu, semina ya Excel. Mwezeshaji alikuwa mzuri tu, anafungua kwenye projekta faili lake la mauzo ya matunda, limepangwa vizuri mno, anabonyeza na sisi tunabonyeza, VLOOKUP (fomula ya kutafuta kitu kwenye jedwali na kuleta taarifa zake) inakubali, watu wanafurahi, chai, picha ya pamoja, cheti. Jumatatu nafungua faili letu la stoo. Bidhaa moja imeandikwa aina tatu, mmoja kaandika "Saruji 42.5", mwingine "saruji 42.5" halafu kaacha nafasi mwishoni ambayo kwa macho huioni, mwingine "simenti mifuko". Tarehe zingine zina nukta zingine zina mkwaju. Naweka ile VLOOKUP yangu ya Morogoro, #N/A, yaani haijakiona inachotafuta, kutoka juu mpaka chini. Siku tatu nzima hakuna aliyetugusia habari ya kusafisha faili chafu, na faili zote za ofisini kwetu zilikuwa chafu!

Nilichofanya, nilikaa na lile faili jioni tatu nikiwa na bando la kawaida, natafuta YouTube kitu kimoja tu kilichonikwamisha muda huo, dakika kumi, nasimamisha video, najaribu kwenye faili langu, nikikwama narudi. Hapo ndo nikaijua TRIM ya kuondoa zile nafasi zilizozidi, nikajua Excel haijali herufi kubwa na ndogo kwenye VLOOKUP ila nafasi moja tu iliyojificha inaharibu kila kitu, na ile "simenti mifuko" hakuna fomula ya kuiokoa, unairekebisha kwa mkono halafu mnakubaliana jina moja na watu wa stoo. Siku ya nne ripoti ikatoka.

Kwa hiyo swali langu la kwanza kwa anayeuza kozi, iwe ya mtandaoni au ya hotelini, ni hili: naruhusiwa kuja na kazi yangu mwenyewe tuifanyie mazoezi? Anayejua kitu chake hana shida na hilo, tena atakuuliza faili likoje. Asiyejua ataanza habari za mtaala na "mindset".

Swali la pili, nionyeshe kazi ya mwanafunzi wako wa mwaka jana. Kazi, sio skrinishoti ya muamala wa M-Pesa. Kama ni kozi ya kutengeneza tovuti nipe tovuti niifungue, kama ni ya matangazo nionyeshe tangazo na duka lililotangazwa. Na uangalie hela yake yeye inatoka wapi, maana kuna wengi wanafundisha biashara ambayo wao wenyewe hawaifanyi, biashara yao ni kuuza kozi. Ukiona somo la mwisho ni namna ya kuleta wengine ili upate kamisheni, ondoka.

Kuhusu cheti, akisema "kinatambulika kimataifa" muulize kinatambulika na nani. Kwa Tanzania vyuo vya kati na vya ufundi viko chini ya NACTVET, baraza la elimu ya ufundi, na vyuo vikuu viko chini ya TCU, tume ya vyuo vikuu, majina ya vyuo unaweza kuyaangalia kwao mwenyewe. Kozi isiyo na usajili inaweza kukufundisha vizuri tu, ila usilipie bei ya cheti kama unachopata ni ujuzi bila cheti.

Halafu jipime na wewe, hapa wengi tunapakwepa. edX, mtandao wa kozi za mtandaoni, ilianzishwa 2012 na MIT na Harvard, vyuo vikuu vya Marekani vyenye kila kitu, kozi bure. Watafiti walipochambua takwimu zao wakakuta zaidi ya nusu ya waliojiandikisha hawakuingia hata kwenye masomo yenyewe, na mwaka wa masomo 2017-18 waliomaliza walikuwa kama 3 kwa kila 100. Sasa kama ya bure kutoka Harvard watu wanaiacha njiani, hiyo ya elfu 50 ya video 120 utaimaliza lini? Mimi najipa mtihani wa wiki mbili: natafuta masomo ya bure ya kitu hicho hicho, nafanya dakika 30 kila siku kwenye kazi yangu. Nikifika siku ya 14 bado naendelea, na kuna mahali nimekwama ambapo video haijibu, hapo nalipia mtu. Nikiacha siku ya tano, hela yangu imepona.

Kwa wanaopelekwa semina na ofisi, ombeni mambo mawili kabla ya safari. Moja, bosi aseme ni kazi gani itabadilika mkirudi. Ile fomu mnayojaza siku ya mwisho, chakula kilikuwaje, mwezeshaji alieleweka, inapima kama mlifurahi tu. Donald Kirkpatrick, Mmarekani aliyeandika kuhusu kupima mafunzo, alishaandika tangu 1959 kwamba kufurahia ni hatua ya kwanza kati ya nne, zinazofuata ni kujifunza, kubadilika kazini, na matokeo. Mbili, muda wa kufanyia mazoezi mkirudi, hata saa moja kwa siku wiki ya kwanza. Mjerumani Ebbinghaus alijipima mwenyewe kwa kukariri silabi zisizo na maana, akachapisha 1885, baada ya siku moja kilichobaki kilikuwa kama theluthi. Somo lenye maana linakaa zaidi ya hapo lakini ukilifungia kwenye begi na lile daftari la semina linaondoka tu.

Ujumbe ninaowatumia wauzaji wa kozi ni huu, chukua ubadilishe upendavyo: "Habari. Nataka niweze kutengeneza ripoti ya stoo ya mwezi kwenye Excel. Naomba kujua kama nitatumia faili langu darasani, naomba kuona kazi ya mwanafunzi mmoja aliyepita, na kama nikiona somo la kwanza halinifai narudishiwa shilingi ngapi na ndani ya siku ngapi. Asante." Akijibu yote matatu kwa maandishi, tunza hayo majibu, ndo umuulize namba ya kulipia.