SOMO: Nyumba ya mita 7 kwa 4 isiyobana, kwa joto la Dar

Nyumba ndogo Dar haibani kwa sababu ya udogo tu. Inabana kwa sababu hewa imesimama, bati linachemsha dari, na fundi amekata eneo dogo kuwa vyumba vitatu vya giza. Hapa tunachora nyumba ya mtu mmoja au wawili, mita 7 kwa 4 kwa nje. Kwa tofali la inchi 6, ndani unabaki na 6.7 kwa 3.7.

1. Geuza nyumba kwanza, chora baadaye. Upande mrefu ulale mashariki–magharibi, ili kuta ndefu zitazame kaskazini na kusini. Jua la asubuhi na la jioni liko chini, hakuna upenu wa kulizuia. La mchana liko juu na upenu unalimudu. Juni, saa sita mchana, upenu wa sm 75 unashusha kivuli cha karibu mita 1.3 kwenye ukuta wa kaskazini. Kuta fupi usiziwekee dirisha. Chumba cha kulala kiwe mwisho wa mashariki, kwa maana ukuta wa magharibi hunywa joto mchana na kulitema usiku mtu akiwa kitandani.

2. Gawa hivi. Sebule na jiko ni sehemu moja, mita 3.5 kwa 3.7, upande wa magharibi. Chumba kiwe 2.6 kwa 2.25, kikitazama kaskazini. Kati yake na sebule usijenge ukuta: simamisha kabati la kina cha sm 60, upana mita 1.5, kimo kutoka sakafuni hadi dari. Nafasi ya sm 75 iliyobaki ni mlango wa kuslaidi. Kabati hilo ni ukuta na stoo kwa pamoja. Mlango wa bawaba hapo utagonga kitanda.

Choo na bafu ni 1.3 kwa 2.0, upande wa kusini, kikipakana na jiko, ili mabomba yote yakae eneo moja. Mlango wake wa sm 70 unatokea sebuleni. Nyuma ya choo panabaki kona ya 0.9 kwa 1.3 inayofungukia chumbani: weka meza. Kona hiyo ina kazi kubwa kuliko meza, maana dirisha lake la kusini ndilo linalokipa chumba njia ya pili ya hewa.

Vipimo hivi ni vya tofali tupu. Plasta inakula sm 3 hivi kati ya ukuta na ukuta, na vigae vya chooni vinakula tena. Mwambie seremala apime kabati baada ya plasta. Likipimwa kwenye ramani halitaingia.

3. Madirisha. Kaskazi huvuma Desemba hadi Machi, wakati wa joto kali, kwa hiyo madirisha makubwa yawe kaskazini: 1.5 kwa 1.2 sebuleni, 1.2 kwa 1.2 chumbani. Kusini weka la jikoni juu ya kaunta, la kona (0.6 kwa 1.2) na la choo. Hewa isiyo na pa kutokea haiingii. Dirisha la kuslaidi hufunguka nusu tu, na wavu wa mbu unapunguza zaidi; ukiweza, chukua la bawaba linalofunguka lote. Kizingiti cha chini kiwe kozi (safu ya tofali) ya tatu, kama sm 75, upepo umfikie aliyekaa na aliyelala. Mafundi wengi hupenda kozi ya nne au ya tano. Hapo upepo unapita juu ya kichwa chako.

4. Kimo na paa. Kozi 12 zinatoa mita 3. Usipunguze kuokoa tofali. Bati liwe la rangi ya mwanga, na kati yake na dari acha matundu pande zote mbili za upenu, yenye wavu.

5. Baraza la mita 1.5, mbele ya mlango mkuu, kaskazini. Hiyo ndiyo sebule ya jioni. Ukibana bajeti, punguza kabati kabla ya baraza.

6. Sakafu: kigae kimoja cha 60 kwa 60 kuanzia barazani hadi chumbani, bila kizingiti, kwa nje kiwe kisichoteleza. Chooni sakafu ishuke sm 2 kila mita kuelekea tundu la maji.

MASWALI

Mkuu, tofali ngapi? – mdau wa Chanika
Juu ya msingi, ukitoa milango na madirisha, ni kama mita za mraba 69. Kwa tofali 9 kila mita, pamoja na za kuvunjika, agiza 650. Msingi na pembetatu za paa hazimo.

Kitanda kipi kinaenea? – dada wa Mbagala
Tano kwa sita. Kichwa kiegemee ukuta wa mashariki, ubavu ukutani chini ya dirisha. Pembeni unabaki na kama sm 70, miguuni kama 75. Sita kwa sita sahau.

Nikiweka kitanda juu, kwenye dari ya mbao?
Kwa mita 3 huwezi kusimama chini na kukaa vizuri juu. Na joto lote liko huko juu.

Mtungi wa gesi uwe wapi?
Nje, ukuta wa kusini, kwenye kizimba chenye kivuli. Gesi ya kupikia ni nzito kuliko hewa: ikivuja hutambaa sakafuni, na dirisha la juu haliitoi. Ukilazimika kuuweka ndani, toboa matundu ukutani usawa wa sakafu.

Kusi likivuma, harufu ya jikoni si itarudi ndani?
Itarudi, ndiyo. Funga la jikoni, fungua la kona na ya kaskazini. Tumechagua kuteseka kidogo miezi ya baridi kuliko Februari.