Biti ya CNC ikipoteza makali mapema, anza na maranda

CNC ni mashine ya kuchonga inayoongozwa na kompyuta, na biti ni kile kisu chake kinachozunguka. Mtu akiniletea biti iliyokuwa butu baada ya mbao chache, kwanza namwomba anionyeshe kilichomwagika mezani. Akinionyesha unga laini, najua biti ilikuwa ikisugua mbao badala ya kuikata. Biti inayokata hutoa maranda unayoyahisi kati ya vidole, na maranda hayo ndiyo yanayoondoka na joto. Ikitoa unga, joto linabaki kwenye makali na kuyamaliza.

Wengi wakiona mbao inaungua, wanapunguza mwendo, yaani kasi ya biti kusonga mbele ndani ya mbao. Hapo ndipo wanaiua biti kabisa. Piga hesabu: mwendo wa milimita kwa dakika, gawanya kwa mizunguko ya biti kwa dakika, kisha kwa idadi ya meno (makali yanayokata). Mwendo 1,500, mizunguko 18,000, meno 2: kila jino linakula milimita 0.04 tu. Kwa biti ya kabaidi (madini magumu kuliko chuma) ya milimita 6 kwenye mbao ngumu, mimi nalenga karibu 0.1. Shusha mizunguko hadi 12,000, pandisha mwendo hadi 2,400, usikilize: ule mlio mkali unageuka mngurumo. Mashine yako ikiwa nyepesi na inatetemeka, punguza kina cha kila pasi, ila mwendo uuache.

Mbao nazo hazifanani. Mtiki una silika, madini yaleyale ya mchanga. MDF (ubao wa nyuzi za mbao zilizogandamizwa) na plaiwudi zimejaa gundi iliyokauka. Hizo zinakula makali hata ukipanga kila kitu vizuri, kwa hiyo biti za HSS, zile za chuma cha kawaida cha kukatia, usizitumie kabisa kwenye hizo, tumia kabaidi. Kwenye plaiwudi, chunguza biti kwenye mwanga: utaona vijialama palepale gundi ilipopita.

Na tafadhali, safisha koleti, kile kibanio kinachoshika biti, kila unapobadilisha biti. Vumbi kidogo tu ndani yake linaifanya biti ikae upande, na jino moja linabeba kazi ya mawili. Maranda yanayobaki kwenye mfereji uyafyonze pia, la sivyo biti inayakata upya bila faida.

Kabla hujaitupa, ichomoe, uiloweke kwenye dawa ya kuondoa utomvu, uisugue kwa mswaki. Utomvu ulioganda unafanana sana na ubutu. Kisha gusisha makali kwenye ukucha taratibu. Yakishika, irudishe kazini. Yakiteleza, ipeleke ikanolewe.