Kukamua mawese kijijini bila kupoteza mafuta wala kuchafua mto

Mkamuaji wa Kigoma akiulizwa kwa nini mawese yake yamechacha, aghalabu huilaumu mashine, ilhali kosa huwa limekwisha kufanyika shambani au uani, siku kadhaa kabla ya moto kuwashwa. Kwa hiyo tuanzie kwenye mkungu.

Kata mkungu pale chikichi chache zinapoanza kudondoka zenyewe. Ukiwahi, mafuta huwa hayajajaa. Ukichelewa, nyingi hupukutika na kuchubuka, na nyama ya chikichi ikishajeruhiwa, kimeng'enya kilichomo ndani yake huanza kuyavunja mafuta na kuzalisha asidi. Desturi ya kurundika mikungu na kuifunika kwa siku nne au tano ili chikichi zipukuchuke kwa urahisi huokoa nguvu za mikono, lakini ubora ndio unaolipia. Msimu mmoja niliacha rundo langu likae wiki nzima nikingoja zamu ya mashine. Mnunuzi alichovya kidole, akaonja, akakunja uso, kisha akayachukua kwa bei ya mafuta ya kutengenezea sabuni. Tangu hapo hupasua mkungu kwa shoka, napukuchua, na kuchemsha ndani ya siku mbili.

Kuchemsha huko hukiua kimeng'enya na kulainisha nyama iachane na kokwa. Twanga na kukamua zingali za moto, kwa kuwa mafuta yakipoa huganda na kubaki kwenye makapi. Yaliyokamuliwa yachemshe tena pamoja na maji, uyaache yatulie hadi tope lizame, kisha uengue mafuta ya juu na kuyarudisha kwenye sufuria kavu juu ya moto mdogo. Hapo tumia masikio: mafuta yenye maji hutatarika, na yakinyamaza, maji yamekwisha. Usiendelee hadi moshi ufuke, maana ule wekundu ni karotini, ambayo mwili huigeuza kuwa vitamini A, na moto mkali huiharibu. Jaza dumu kavu hadi shingoni na uliweke mbali na jua. Mawese ya namna hiyo yanaweza kungoja msimu wa uhaba, na faida ya mkamuaji mdogo hutoka zaidi katika kungoja huko kuliko katika wingi wa madumu. Mise, yaani zile kokwa zinazobaki, nazo zianike na kuzibangua, kwani zina mafuta yake ya pekee.

Bei, hata hivyo, haipangwi Mwandiga, hapa Kigoma, peke yake. Indonesia na Malaysia hutoa zaidi ya robo tatu ya mawese yote duniani, na Indonesia ilipozuia mauzo ya nje kuanzia tarehe 28 Aprili hadi 23 Mei 2022, nchi zinazoagiza mafuta ya kula, Tanzania ikiwamo, zilikumbushwa gharama ya kutegemea shamba la jirani wa mbali.

Anayetaka kuongeza mazao aanzie kwenye mbegu kabla ya kufyeka msitu. Michikichi yetu mingi ya zamani ni aina ya dura, yenye kokwa nene na nyama nyembamba; miche ya tenera, aina chotara inayozalishwa katika kituo cha Kihinga cha Taasisi ya Utafiti wa Kilimo Tanzania (TARI), hutoa mafuta mengi zaidi katika eneo lilelile. Usioteshe kokwa za tenera, kwa sababu takriban nusu tu ya miche yake itakuwa tenera. Panda kwenye shamba lililokwisha kulimwa, uchanganye na maharage au karanga miaka ya mwanzo, na uache mita 60 kutoka ukingo wa mto, kama Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inavyotaka.

Kuni ndizo hula miti kimyakimya. Makapi yaliyokauka na maganda ya mise huwaka vizuri, kwa kuwa bado yana mafuta kidogo, na hupunguza sana mzigo wa kuni za miombo. Maji machafu ya kukamulia yasimwagwe kijitoni: bakteria wanaoyaozesha humaliza oksijeni, na samaki hufa hata kama hamna sumu. Chimba shimo mbali na kisima na mkondo wa maji, yaache yachuje ardhini, kisha tope likishakauka ulichanganye na majivu ya jiko na kulirudisha kwenye mashina ya michikichi.