Unanunua nyumba ya kabla ya vita Manhattan? Anza chini, kwenye boila

Mimi ni mtu wa Tanga, fundi wa matengenezo kwenye jengo la zamani West End Avenue, mtaa wa Upper West Side, Manhattan, jijini New York. Majengo ya rika hili, yaliyosimama kabla ya Vita vya Pili vya Dunia, ndiyo yanayotafutwa sana mtaani kwetu: kuta nene za lipu, dari za juu, sakafu za mbao za mwaloni. Jengo la Dakota la 1884 limo, San Remo la 1930 limo. Wanunuzi huingia kwa lifti ya mbele, wakapiga picha za dari, wakaondoka. Wewe mwombe dalali akushushe kwanza chini kabisa, kwenye boila, mtambo unaochemsha maji ya kupasha jengo joto.

Huko msalimie vizuri msimamizi wa jengo, kisha muulize mabomba yanayopandisha maji ghorofani yalibadilishwa lini. Akianza kujikuna kichwa, kazi hiyo bado, na mmoja wa watakaoilipia ni wewe.

Maana majengo mengi haya ni ya ushirika. Hununui kuta, unanunua hisa za kampuni inayomiliki jengo, ndipo unapewa mkataba wa kukaa humo. Kila mwezi unalipa ada: kodi ya jiji, joto, mishahara ya mabawabu, na deni la jengo kama lipo. Kwa hiyo tafuta wakili asome hesabu za jengo za miaka ya karibuni na kumbukumbu za vikao vya bodi. Paa linalovuja na mchango wa lazima unaonukia utavikuta humo, si kwenye tangazo. Jengo lenye zaidi ya ghorofa sita lazima likaguliwe kuta za nje kila miaka mitano, basi ukikuta njia ya waenda kwa miguu imefunikwa kwa mbao na vyuma, uliza kazi itaisha lini na fedha zinatoka wapi.

Sasa panda juu. Fungua shawa ya bafuni na bomba la jikoni kwa pamoja, kisha vuta maji chooni. Shawa ikibaki inachuruzika, umeshajua hali ya mabomba. Rejeta nyingi za hapa, yale mavyuma ya kupasha vyumba joto, zinatumia mvuke wa boila, na zile zenye bomba moja tu zina siri yake: beba pimamaji, iweke juu ya rejeta. Kipovu kinatakiwa kiende upande ulio mbali na valvu ya bomba la mvuke, yaani rejeta ielekee kidogo kwenye bomba ili maji yarudi kwenye boila. Yakituama ndani, mvuke unayagonga, na usiku wa Januari utadhani kuna mtu anapiga nyundo ukutani. Tiba mara nyingi ni vipande viwili vya mbao chini ya miguu ya rejeta iliyo mbali na bomba. Ukiwa na watoto wadogo, ulizia rangi ya ukuta yenye risasi, yale madini yenye sumu. Jiji liliipiga marufuku 1960, kwa hiyo tabaka za chini zinaweza kuwa nayo.

Rudi tena jioni, barabara ya Broadway ikiwa imechangamka, ufunge madirisha usikilize. Kile chumba kidogo nyuma ya jikoni kilikuwa cha mtumishi. Usikipangie bafu kubwa kabla ya kuuliza: majengo mengi hayaruhusu bafu kuwa juu ya chumba cha kulala cha jirani.

Upande wa fedha, ushirika mwingi hutaka utangulize angalau asilimia 20 ya bei, na nyumba ikifika dola milioni 1 mnunuzi anaongezewa kodi inayoanzia asilimia 1. Halafu kuna usaili wa bodi, ambayo inaweza kukukataa bila kutaja sababu. Vaa vizuri, fika mapema, jibu ulichoulizwa tu. Habari za kuvunja ukuta wa jikoni zingoje mpaka funguo ziwe mfukoni.