Somo: Kuifunga Wi-Fi ya nyumbani ili bando lisiliwe na wengine

Kama umebadilisha nywila ya Wi-Fi na wiki haijaisha bando limekata tena kabla ya muda wake, usikimbilie kuibadilisha mara ya pili. Nywila hiyo ni mlango mmoja tu. Ruta ina milango mingine miwili ambayo wengi hawaigusi: ukurasa wa mipangilio, ambao mara nyingi umebaki na nywila ya kiwandani, na kitu kinachoitwa WPS, yaani njia ya kuunganisha kifaa kwa kitufe au PIN bila kuandika nywila. Halafu kuna ulaji wa ndani kwa ndani, wa simu na TV za nyumba hiyohiyo. Somo hili linahusu hasa ruta za laini, zile za 4G zilizojaa kwenye nyumba za kupanga hapa Mwanza, kuanzia Igogo na Mabatini hadi Nyegezi na Buhongwa. Wenye faiba watafaidika na hatua nyingi pia.

Andaa simu au kompyuta, kalamu na karatasi. Fanya kazi hii umeme ukiwa umetulia.

Hatua ya 1: Ingia kwenye ukurasa wa mipangilio. Geuza ruta usome stika iliyo chini yake. Utakuta jina la mtandao, nywila ya Wi-Fi na anwani ya ukurasa, ambayo mara nyingi ni 192.168.0.1, 192.168.1.1 au 192.168.8.1. Unganisha simu na Wi-Fi, kisha zima data ya simu. Usipoizima, simu inaweza kuitafuta anwani hiyo kupitia laini yake na ukurasa usifunguke. Andika anwani juu kabisa kwenye kivinjari, si kwenye kisanduku cha kutafutia. Kivinjari kikionya kwamba ukurasa si salama, endelea, kwa sababu hapo unaongea na ruta yako mwenyewe na hujatoka nje ya nyumba. Onyo hilohilo ukilikuta kwenye tovuti ya benki, ondoka haraka.

Hatua ya 2: Nakili APN, yaani jina ambalo laini hulitumia kuingia kwenye intaneti ya mtandao wake; limo kwenye ukurasa huohuo. Ukikosea huko mbele ukalazimika kuirudisha ruta kiwandani, APN inaweza kufutika, na bila hiyo laini yenye bando kamili inakaa kimya. Watu wengi hudhani ruta imekufa na kuipeleka kwa fundi, kumbe ni mstari mmoja tu umepotea.

Hatua ya 3: Badilisha nywila ya ukurasa wenyewe. Hii ndiyo hatua kuu. Jina likibaki "admin" na nywila "admin", yeyote aliyewahi kupewa Wi-Fi, hata mgeni wa dakika tano, anaweza kuingia humo na kuipanga ruta anavyotaka. Ruta nyingi za laini zina pia kisanduku cha SMS kwenye ukurasa huo. Kila ujumbe unaoingia kwenye laini ya ruta unasomeka hapo, zikiwemo namba za uthibitisho. Kwa hiyo laini ya ruta isifunguliwe akaunti ya pesa, na namba yake isitumike kufungulia WhatsApp.

Hatua ya 4: Zima WPS. PIN yake ina tarakimu 8, lakini ruta huikagua kwa vipande viwili, na tarakimu ya mwisho hupatikana kwa hesabu kutokana na zile saba. Badala ya kubahatisha mara mamilioni, mtu anahitaji majaribio yasiyozidi 11,000 tu. Udhaifu huu ulitangazwa mwaka 2011, na bado kuna ruta zinazouzwa WPS ikiwa imewashwa. Akiipata PIN, hupewa nywila ya Wi-Fi, hata ungekuwa umeibadilisha jana.

Hatua ya 5: Weka nywila ngumu ya Wi-Fi. Kwenye aina ya usalama chagua WPA2-PSK yenye AES, au WPA2/WPA3 kwa pamoja kama ipo. WEP na TKIP ni za zamani na dhaifu, achana nazo. WPA2 inakubali herufi 8 hadi 63. Weka maneno manne yasiyohusiana, kwa mfano *kasia-ngazi-mchele-kofia*, ila tunga ya kwako. Namba ya simu isiwe nywila. Namba zetu za simu huanza na 06 au 07, kwa hiyo zinabaki tarakimu 8 tu za kubahatisha, kazi ya dakika chache kwa kompyuta yenye kadi nzuri ya picha.

Kuficha jina la mtandao hakusaidii. Programu za bure hulionyesha.

Hatua ya 6: Panga mahali pa kuiweka. Nyumba zetu za mlimani zina shida yake. Jabali likikaa kati ya dirisha lako na mnara, ruta inashika baa moja hata kama mnara uko karibu. Jaribu dirisha moja baada ya jingine huku ukiangalia RSRP, yaani kipimo cha nguvu ya mawimbi ya mnara, kwenye ukurasa wa mipangilio: karibu na -80 ni nzuri sana, -110 ni mbovu. Dirisha zuri likiwa linatazama nyumba za bonde, punguza nguvu ya Wi-Fi isiwafikie huko, kama ruta yako ina kipengele hicho.

Hatua ya 7: Ziba ulaji wa ndani. Hapa ndipo lawama nyingi anazotupiwa jirani huishia. Simu ikiona Wi-Fi huamini haina kikomo: inasasisha programu, inapakia picha zote kwenye hifadhi ya mtandaoni, na WhatsApp inashusha kila video ya kila kundi. Iambie kwamba Wi-Fi hii ina kipimo. Kwenye Android, fungua mipangilio ya mtandao huo na uchague "Treat as metered". Kwenye iPhone washa "Low Data Mode". Kwenye Windows washa "Metered connection". Ndani ya WhatsApp, nenda sehemu ya hifadhi na data, uzime upakuaji wa video kwa Wi-Fi. TV janja ni mlaji mkubwa zaidi. Filamu ya HD inaweza kula hadi GB 3 kwa saa, kwa hiyo ishushe hadi 480p mwenyewe, maana ukiiacha ijichagulie itapanda kila mtandao unapokuwa mzuri.

Maswali ya wanachama

*Igoma:* Mkuu, nilibadilisha paswedi jana, leo jirani yumo tena. Sijampa mtu.

*Jibu:* Kama ukurasa na WPS umeshavifunga, basi nyumbani kuna anayeitoa, pengine bila kujua. Kuanzia Android 10, simu iliyounganishwa inaweza kuonyesha msimbo wa QR, na simu nyingine ikiuchanganua inaingia. Washa mtandao wa wageni wenye nywila yake, watoto watumie huo, na uubadilishe kila ukitaka bila kugusa vifaa vyako. Kumfungia jirani kwa anwani ya MAC, yaani namba ya utambulisho wa kifaa chake kwenye Wi-Fi, kutakuchosha bure, kwa sababu simu za sasa zinaweza kubadilisha anwani hiyo.

*Kirumba:* Nimefuata hatua zote, sasa kamera ya dukani haishiki Wi-Fi.

*Jibu:* Kamera nyingi za bei nafuu hushika masafa ya 2.4 GHz peke yake, na baadhi hazijui WPA3. Tenganisha majina ya 2.4 na 5 GHz, ile ya 2.4 iwe WPA2 tupu, kisha iunganishe kamera upya. Nywila ya kiwandani ya kamera nayo uibadilishe.

*Buhongwa:* Shikamoo mwalimu. Nywila ya ukurasa niliibadilisha zamani na nimeisahau.

*Jibu:* Marahaba. Ruta ikiwa imewashwa, bonyeza kitundu cha RESET kwa pini sekunde 10 hivi, mpaka taa zizime na kuwaka tena. Itarudi na nywila za kwenye stika, kwa hiyo rudia hatua ya 3 hadi ya 5 palepale, usisubiri kesho.

*Nyegezi:* Laini iliyokuja na ruta imesajiliwa kwa jina la aliyeniuzia. Ina shida?

*Jibu:* Ipo. Mwenye jina anaweza kwenda dukani kuirudisha, na yako ikazimika na bando lake. Nunua laini mpya uisajili kwa kitambulisho chako cha NIDA. Piga pia *106# uangalie namba zilizosajiliwa kwa kitambulisho chako. Ukikuta usiyoijua, nenda duka la mtandao husika waiondoe.

*Igogo:* Umeme uliporudi adapta iliungua. Ya zamani iliandikwa 12V 1A, fundi ananipa ya 9V 2A.

*Jibu:* Usiichukue. Volti lazima zilingane. Ampea ziwe sawa au zaidi, hivyo 12V 2A inafaa. Hakikisha kichwa kinaingia bila kulegea na mchoro wa chanya na hasi unafanana na wa ile ya zamani.

*Nyongeza ya mwanachama, Ilemela:* Mvua ya radi ikianza, chomoa adapta ukutani kabisa. Kuzima swichi ya ruta peke yake hakuikingi.