Kuchagua na Kufunga Kigunduzi cha Rada katika Gari la Kasi

Kabla ya kununua kigunduzi cha rada, yaani kifaa kinachomwonya dereva kuhusu rada za polisi za kupima kasi, hakikisha kwamba sheria ya mahali unapoendesha inakiruhusu, kwani nchini Ufaransa, kwa mfano, hata kukibeba garini ni kosa. Chagua chenye uwezo mkubwa wa kunasa bendi ya Ka, yaani mawimbi ya rada ya masafa ya gigahezi 33.4 hadi 36, na chenye kichujio kizuri cha bendi ya K, kwa sababu vihisi vya pembeni vya magari mengi hutumia gigahezi 24, zilizo ndani ya bendi hiyo, na vitakifanya kilie ovyo. Onyo la leza, yaani mwanga ambao polisi pia huutumia kupima kasi, lisikupe matumaini makubwa. Likilia, mara nyingi kasi yako imekwisha kupimwa.

Kifungwe juu kwenye kioo cha mbele, kikiwa sambamba na barabara. Lakini ikiwa kioo kina utando wa metali wa kuzuia joto, tafuta sehemu iliyoachwa bila utando huo, la sivyo mawimbi hayatapenya vizuri. Umeme uchukuliwe kwenye fyuzi inayopata umeme swichi ya gari ikiwashwa tu, isiwe kamwe ile ya mifuko ya hewa, na waya upitishwe nyuma ya mfuko wa hewa uliomo katika nguzo ya pembeni ya kioo cha mbele.